Mwongozo kamili kwa mpiga kinanda wa kujitolea: kuandaa nyimbo za Jumapili nyumbani bila kuiumiza familia

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye kazi ya kutwa, mwenye mke au mume na watoto, ambaye kila Jumapili hukaa mbele ya kinanda cha parokia bila mshahara wowote. Wengi wa aina hii hukwama mahali pamoja. Wanafika Jumamosi usiku wakiwa na nyimbo mbili wasizoziweza, wanazipiga tangu mwanzo hadi mwisho mara nyingi mpaka saa sita usiku, nyumba nzima inakosa usingizi, na kesho yake wimbo unavunjika palepale ulipovunjika kwenye mazoezi ya kwaya. Miezi michache ikipita wanaiacha kwaya, au wanaendelea nayo huku nyumbani kukiwa na manung'uniko yasiyokwisha, ilhali muda walionao ungetosha kama ungegawanywa vizuri.

Mifano nimeitoa kwenye Misa ya Kikatoliki na kwenye nota za sol-fa, yaani zile zinazoandikwa kwa herufi *d, r, m, f, s, l, t*, ambazo kwaya nyingi za Tanzania huzitumia. Mlutheri, Mwanglikana au Mmoravia atabadilisha majina na mpangilio wa nyimbo, lakini kazi ya vidole na ya nyumbani ni ileile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Viweke vyote mahali pamoja kabla ya Jumatatu, kwa sababu dakika 25 za mazoezi huisha upesi mtu anapozunguka nyumba akitafuta penseli.

- Kinanda chenye vitufe 61. Kinatosha. Sauti nne za kwaya, kuanzia besi ya chini hadi sauti ya kwanza ya juu, zinaenea humo bila shida, kwa hiyo usiingie deni kwa ajili ya kinanda kikubwa zaidi.
- Stendi na kiti visivyoyumba. Ukikaa, mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja uwe umelala sawa. Kinanda kilichowekwa kitandani au sakafuni hukunja kifundo cha mkono, na maumivu yake huja baada ya wiki kadhaa.
- Adapta iliyo sahihi. Soma volti zilizoandikwa nyuma ya kinanda pamoja na mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje. Adapta inayoingia vizuri kwenye tundu yaweza kuwa si yake, na adapta isiyo yake yaweza kuunguza kinanda.
- Hedifoni za waya. Vinanda vingi vina tundu kubwa la milimita 6.35, wakati hedifoni za simu zina plagi ya milimita 3.5; nunua kiunganishi kidogo cha kati. Hedifoni za Bluetooth hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa sauti hufika ikiwa imechelewa na mikono inapoteza mwendo.
- Nota zilizochapwa kwenye karatasi, penseli na kifutio. Nota za kwenye simu haziandikiki kwa urahisi, na utahitaji kuandika sana.
- Simu yenye metronomu, yaani programu inayopiga mapigo kwa mwendo usiobadilika, na kinasa sauti.
- Kitambaa kizito cha kufunikia kinanda dhidi ya vumbi, mende na chai ya watoto.
- Kalenda ya ukutani, ile inayoonekana na kila mtu nyumbani.

Kama umeme hukatika mara kwa mara mnakoishi, angalia chini ya kinanda kama kina nafasi ya betri, kisha weka seti moja ya akiba.

## Hatua ya 1: Kubaliana na watu wa nyumbani kabla ya kugusa kinanda

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nami naiona kuwa nzito kuliko zote zinazofuata. Mke au mume hachukizwi na muziki. Anachukizwa na muda usio na mpaka: kinanda kinachoanza bila taarifa, mazoezi ya kwaya yanayosemwa kuwa ya saa moja na kuishia saa tatu usiku, harusi ya Jumamosi inayotajwa Ijumaa. Mpangilio ukijulikana mapema, muda uleule hubebeka.

Kaeni pamoja Jumapili jioni, mkiwa na kalenda, na useme mambo yenye mwanzo na mwisho. Kwa mfano: «Mama Anna, wiki hii kuna nyimbo mbili mpya. Naomba dakika 25 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11:30 alfajiri, kwa hedifoni. Alhamisi na Jumamosi alasiri nina mazoezi ya kwaya, nitarudi kabla ya saa 2 usiku. Jumamosi jioni sitagusa kinanda. Nitawaogesha watoto na kupiga pasi nguo za kanisani.» Kisha nyamaza usikilize. Huenda Alhamisi ana kikao cha vikoba au zamu ya kazi, na kulijua hilo Jumapili ni bora kuliko kulijua Alhamisi ukiwa mlangoni na daftari la nyimbo mkononi.

Mambo matatu yasikose katika mazungumzo hayo.

La kwanza ni asubuhi ya Jumapili. Mpiga kinanda wa Misa ya kwanza huondoka watoto wakiwa bado kitandani, kwa hiyo mzigo wa kuwavisha, kuwalisha na kuwafikisha kanisani humwangukia mwenzake peke yake kila juma, miaka nenda miaka rudi. Punguza mzigo huo Jumamosi usiku: nguo zipigwe pasi, viatu vipangwe, sadaka za watoto ziwekwe mezani. Inapowezekana, mwombe mwalimu wa kwaya akupangie Misa ya pili mara moja au mbili kwa mwezi, mwende wote kwa pamoja.

La pili ni majira mazito. Wekeni alama kwenye kalenda tangu mwanzo wa mwaka: Juma Kuu, Krismasi, Sherehe ya Ekaristi Takatifu, sikukuu ya somo wa parokia, Kipaimara, na harusi zote mlizokwisha kuombwa. Katika wiki hizo mazoezi huongezeka, na ni haki ya familia kujua kwamba kuna wiki nyingine baada yake ambazo utakuwa wao kabisa.

La tatu ni fedha. Nauli na posho ya harusi, hata ikiwa ndogo, itajwe nyumbani. Kadhalika, kinanda kisinunuliwe kwa fedha ya ada au ya kodi bila makubaliano, kwa kuwa chombo kilichoingia nyumbani kwa siri hakitapigwa kwa amani.

Utajua hatua hii imefaulu pale mwenzako atakapoweza kumwambia mgeni, bila kukuuliza, ni siku gani na saa ngapi unafanya mazoezi.

## Hatua ya 2: Pata orodha mapema na uitenge katika mafungu matatu

Usitoke kanisani Jumapili bila orodha ya Jumapili inayofuata. Misa moja yenye nyimbo zote, kuanzia mwanzo, Bwana utuhurumie, Utukufu, wimbo wa katikati, shangilio, matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, komunyo, shukrani hadi wimbo wa mwisho, ina vipande kumi na moja, na mara nyingi matoleo na komunyo huwa na nyimbo zaidi ya moja. Orodha hiyo hutisha mpaka itakapotengwa.

Fungu la kwanza ni nyimbo za kudumu: Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo. Kwaya nyingi hutumia seti moja kwa majira mazima, hivyo ukiimudu mara moja umepata vipande vinne vya kila Jumapili. Fungu la pili ni nyimbo ulizokwisha kuzipiga. Fungu la tatu ni mpya, na hilo ndilo litakalopewa karibu muda wako wote.

Wimbo wa katikati unahitaji uangalifu wake, kwa sababu zaburi hufuata masomo ya mwaka A, B au C. Zaburi ya leo itarudi baada ya miaka mitatu. Hifadhi karatasi yake ikiwa na alama zako zote za vidole, kwenye faili lenye sehemu tatu.

Angalia pia majira. Katika Kwaresima hakuna Aleluya, na Jumapili zake hazina Utukufu. Kinanda hutumika kutegemeza waimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya 4 ya Kwaresima pamoja na sherehe na sikukuu. Jumapili za Majilio nazo hazina Utukufu. Kwa mpiga kinanda mwenye familia, majira hayo ni nafuu ya kweli: muziki wa kupiga bila waimbaji hauhitajiki Kwaresima, na dakika hizo zaweza kutumika kujifunza mapema nyimbo za Pasaka.

Angalizo. Usipokee zaidi ya nyimbo mbili mpya kwa wiki moja. Mwalimu wa kwaya akileta nne, mwambie mapema na kwa heshima: «Mwalimu, mbili nitazipiga vizuri Jumapili hii, na mbili naomba ziimbwe wiki ijayo.» Mwalimu mwenye busara atapendelea jibu hilo kuliko wimbo uliovurugika mbele ya waamini.

## Hatua ya 3: Soma wimbo bila kinanda

Kazi hii ni ya Jumatatu, na sehemu yake kubwa hufanyika kwenye daladala, wakati wa mapumziko kazini, au wakati wa kuosha vyombo. Lengo ni kwamba ukikaa kwenye kinanda, kichwa kiwe kimekwisha kujua kinachotakiwa.

Anza na ufunguo uliotajwa juu ya karatasi, yaani Do ni ipi, halafu tambua ni nota zipi zitaangukia vitufe vyeusi. Do=C, yaani Do ikiwa kitufe cha C, haina hata moja. Kwenye Do=G, nyeusi ni *t* peke yake. Kwenye Do=F, ni *f* peke yake. Do=D ina *m* na *t*; Do=Bb (kitufe cheusi kilicho chini tu ya B) ina *d* yenyewe na *f*; Do=Eb ina *d*, *f* na *s*; Do=A ina *m*, *l* na *t*. Jifunze mpangilio huu kwa moyo na utaacha kuhesabu kila nota.

Kisha tafuta nota ngeni, hasa *fe*, ambayo ni *f* iliyopandishwa nusu, na *ta*, ambayo ni *t* iliyoshushwa nusu. Zizungushie penseli. Mara nyingi *fe* hutokea pale wimbo unapoelekea kukaa juu ya *s*, na ndipo mikono ya wengi hujikwaa.

Imba sauti ya kwanza kwa nota, kisha imba besi kwa nota. Alama ya nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hugawa robo, na kistari huendeleza nota iliyotangulia. Piga pigo kwa kidole kwenye paja wakati unaimba. Usiruke besi hata kama sauti yako haifiki chini. Iimbe okitavu ya juu (nota za majina yaleyale zinazofuata juu yake), kwa maana sikio linaloijua besi ndilo litakalouongoza mkono wa kushoto.

Angalizo kubwa. Katika nota za sol-fa, sauti ya tatu na besi huandikwa okitavu moja juu ya mahali zinaposikika. Nota *d* isiyo na alama kwenye mstari wa besi si kitufe kilekile cha *d* isiyo na alama kwenye sauti ya kwanza. Iko okitavu moja chini yake. Anayelisahau hili hujikuta mikono miwili ikigombania mahali pamoja katikati ya kinanda na hudhani kwamba wimbo umeandikwa vibaya.

Umefaulu ukiweza kuimba kiitikio chote kwa nota, sauti ya kwanza na besi, bila kutazama karatasi zaidi ya mara moja.

## Hatua ya 4: Andika vidole

Hesabu vidole kutoka gumba, ambalo ni 1, hadi kidole kidogo, ambacho ni 5, kwa mikono yote miwili. Andika namba kwa penseli mahali pagumu tu: mruko mkubwa, kitufe cheusi kinachofuata gumba, na nota ndefu inayotangulia mfululizo wa nota fupi.

Sababu ni hii. Vidole vikibadilika kila unapopiga, kila jaribio ni wimbo mpya kwa mkono, na siku tano za mazoezi zinakuwa siku tano za kuanza upya. Kwa ngazi ya mkono wa kulia, Do=C na Do=G hutumia 1-2-3-1-2-3-4-5, lakini Do=F hutumia 1-2-3-4-1-2-3-4, kwa kuwa *f* ni nyeusi na gumba halipendi kuangukia hapo.

Tumia sauti ya ogani kwenye kinanda chako, wala si ya piano. Sauti ya piano hufifia yenyewe na kuficha nafasi tupu kati ya nota, ila ogani hukatika mara kidole kinapoinuka, hivyo inakuonyesha wazi kila mahali unapoachia mapema. Pale nota inaposhikwa na kidole kinatakiwa mbele, badilisha kidole juu ya kitufe kilekile bila kukiachia: bonyeza kwa 3, ingiza 1 chini yake, kisha ondoa 3. Mwanzoni hilo huchosha. Baada ya wiki chache mkono hulifanya wenyewe.

## Hatua ya 5: Mkono mmoja, polepole, ukianzia mwisho

Jumanne na Jumatano ni za kazi hii. Weka metronomu kwenye nusu ya mwendo wa wimbo, au juu kidogo. Wimbo unaoimbwa kwa mapigo 88 kwa dakika uanze kwa 48. Gawa kiitikio katika vipande vidogo vya pumzi moja moja, yaani pale waimbaji wanapovuta hewa.

Anza na kipande cha mwisho. Mkono wa kulia mpaka upige mara tano mfululizo bila kosa, kisha wa kushoto vivyo hivyo. Halafu chukua kipande kinachotangulia na ukiunganishe na ulichokwisha kukijua. Anayeanza mwanzo kila mara huwa na mwanzo mzuri na mwisho dhaifu, akienda kila anapopiga kuelekea mahali anapopaogopa. Anayeanzia mwisho huelekea mahali anapopajua.

Kosa likitokea, simama papo hapo na upunguze mwendo kwa mapigo manane. Usilipite kosa kwa matumaini kwamba litajirekebisha, kwa sababu mkono hauchagui: hukariri kosa kwa uaminifu uleule unaokaririwa nao usahihi. Vipande vyote vikikaa, pandisha mwendo kwa mapigo manne manne.

Dakika 25 zikiisha, funga kinanda hata kama umebakiza kipande kimoja. Hili ni gumu kwa mtu anayeipenda kazi yake, lakini ni ahadi uliyoitoa katika hatua ya 1, na siku tano za dakika 25 ni zaidi ya saa mbili za kazi safi kwa wiki.

## Hatua ya 6: Unganisha mikono, na ujue cha kuacha

Kwa kawaida mkono wa kulia hubeba sauti ya kwanza na ya pili, wa kushoto hubeba ya tatu na besi. Pale ambapo ya tatu na besi zimeachana zaidi ya okitavu moja, mkono wa kulia huichukua sauti ya tatu kwa muda. Iweke alama ya mshale kwenye karatasi mapema ili usiamue kanisani.

Rudisha metronomu chini kuliko ulikofikia kwa mkono mmoja. Kama Alhamisi asubuhi kuna kipande kisichokubali, punguza sauti: ondoa ya pili, na kisipokubali bado, ondoa ya tatu pia. Sauti ya kwanza na besi zibaki daima. Waimbaji hujishikiza kwenye hizo mbili, na kwaya yenye sauti nne itajaza nafasi uliyoiacha bila mtu yeyote kutambua. Kupiga sauti mbili zilizo sahihi na zisizosita ni huduma kamili. Wala asiione aibu mtu anayefanya hivyo.

Kuhusu kitufe cha kuhamisha ufunguo: wapo wanaopiga kila wimbo kwenye Do=C na kukiachia kinanda kazi ya kuhamisha. Kinasaidia wimbo ulio juu mno kwa waamini, kwa mfano kuushusha kutoka Do=A hadi Do=G kwa kuweka −2. Lakini asiyejua ufunguo mwingine atakwama siku atakapokuta ogani isiyo na kitufe hicho, kwa hiyo jifunze Do=C, G, F na D kwa mikono yako mwenyewe, kisha Bb.

## Hatua ya 7: Ingiza familia ndani ya muziki

Ijumaa, baada ya chakula cha jioni na kabla ya sala ya familia, ondoa hedifoni, punguza sauti, na uwaombe waimbe wimbo mpya pamoja nawe. Hapa wapiga vinanda wengi husita, wakidhani watoto watawaharibia. Kinyume chake, hiki ndicho kipimo bora cha wiki nzima, kwa sababu mtu anayepiga peke yake ndani ya hedifoni husahau kwamba waimbaji wanahitaji pumzi. Binti wa miaka tisa akiishiwa hewa katikati ya mstari, unakimbia mno au huinui mikono mwishoni mwa mstari. Rekebisha hapohapo.

Watoto wadogo wafundishe ishara za mkono za sol-fa: *d* ni ngumi, *m* ni kiganja kilicholala kikitazama chini, *s* ni kiganja kinachomtazama mwimbaji mwenyewe. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto parokiani, huzipenda, na ndani ya majuma machache huweza kusoma kiitikio kifupi. Mpe kila mtoto zamu yake ya dakika tano kwenye kinanda, mikono ikiwa imenawiwa. Mtoto aliyenyimwa kabisa kukigusa atakigusa ukiwa kazini.

Kuna zoezi moja ambalo mtu hawezi kulifanya peke yake. Mwombe mtoto apige makofi ghafla wakati wowote unapopiga. Ukisikia makofi, inua mikono yote miwili, acha wengine waendelee kuimba, kisha uingie tena mwanzoni mwa mstari unaofuata. Huo ndio ujuzi utakaokuokoa Jumapili utakapopotea, na watoto hulifurahia kwa kuwa ni wao wanaokuamuru.

Mwenzako wa ndoa akiwa mwimbaji, mpe besi au sauti ya pili aishike dhidi yako. Akiwa si mwimbaji, muulize swali moja tu: maneno yanasikika? Sikio la asiye mwanamuziki ndilo sikio la waamini wengi.

Utajua imekaa vizuri pale ubeti mzima utakapoimbwa bila mtu kuhema, na pale mtoto atakapoanza kuuimba wimbo huo mwenyewe akiwa anacheza uani.

## Hatua ya 8: Tumia mazoezi ya kwaya kurekodi

Fika kwenye mazoezi ya Alhamisi ukiwa na vipande vigumu vimewekewa alama, na umwombe mwalimu aanze na hivyo. Weka simu mbele ya kwaya na urekodi kila wimbo mpya mara moja. Ijumaa alfajiri, sikiliza rekodi kwenye sikio moja la hedifoni ya simu huku ukipiga kinanda kwa sauti ndogo: utazoea mwendo halisi wa mwalimu, ambao mara nyingi hutofautiana na ule ulioandikwa juu ya karatasi.

Kubalianeni hapo hapo juu ya utangulizi. Mstari wa mwisho wa kiitikio unatosha. Upige kwa mwendo uleule utakaoimbwa, bila kupunguza mwishoni, kwa kuwa waimbaji huchukua mwendo wao kutoka kwako. Kisha inua mikono kwa pumzi moja, na ushuke pamoja nao.

Mazoezi yakiisha, rudi nyumbani kwa saa uliyoiahidi. Mazungumzo ya nje ya kanisa ni matamu, lakini ndiyo yanayokula saa ya familia kuliko mazoezi yenyewe.

## Hatua ya 9: Jumapili yenyewe

Fika dakika 30 kabla. Kinanda cha parokia hutumiwa na watu wengi, hivyo ukague mambo haya kwa mpangilio: kuhamisha ufunguo kuwe 0, midundo iwe imezimwa, sauti iliyochaguliwa iwe ogani, ukubwa wa sauti upimwe mtu akiwa amesimama katikati ya kanisa. Kosa la kuhamisha ufunguo ndilo baya kuliko yote, maana kila kitu kinasikika sawa kwako mpaka kwaya inaposhindwa kufika juu kwenye kiitikio.

Panga karatasi kwa mfuatano wa Misa na uzibane, feni zisije kuzipeperusha. Ukipotea, usirudi nyuma kurekebisha. Inua mikono, sikiliza, ingia kwenye mstari unaofuata kama ulivyozoezwa na watoto.

Misa ikiisha, andika kwa penseli juu ya kila karatasi tarehe na mahali palipolegea, pokea orodha mpya, kisha uende kwa familia yako kabla ya kukaa kwenye kikao chochote. Wamekungoja tangu alfajiri.

## Wiki iliyovurugika

Mtoto ataugua, kutatokea msiba, au kazini watakuongezea zamu. Wiki kama hiyo usijaribu kubana hatua zote kwenye usiku wa Jumamosi. Piga fungu la kwanza na la pili peke yake, yaani nyimbo za kudumu na zile unazozijua, na nyimbo mpya ziimbwe bila kinanda au zisogezwe. Mpigie mwalimu simu si baadaye ya Alhamisi mchana, kabla ya mazoezi, ili apate nafasi ya kupanga upya.

Kwa wiki hizo, weka ndani ya faili bahasha moja yenye Misa nzima ya akiba: mwanzo, matoleo, komunyo na mwisho, zote kwenye Do=C, G au F, zote zikiwa na vidole vilivyoandikwa, na zote zikijulikana na kwaya. Mwombe mwalimu aichague pamoja nawe wakati wa majira ya utulivu, na mwaka unapoanza muipitie tena kubadilisha nyimbo zilizochosha.